Shoka Mahali pa Minyororo

Mchezo wa kwanza wa God of War, uliotoka Machi 2005 kwenye PlayStation 2, unaanza na mtu anayejitupa kutoka kwenye jabali refu kuliko yote Ugiriki. Muda si muda uko juu ya meli katikati ya bahari ya Aegean, mvua inapiga, na Hydra anavunjavunja mbao kwa shingo zake. Huna hata nafasi ya kuuliza unampigania nani. Mchezo uliotoka Aprili 2018 kwenye PlayStation 4 unaanza na mwanamume mwenye ndevu anayekata mti. Anapiga shoka taratibu, anabeba gogo begani, na mtoto wake wa kiume anamfuata bila maneno mengi. Kuni hizo ni za kuuchoma mwili wa mkewe. Jina la mchezo ni God of War vilevile, bila nambari wala nyongeza yoyote, na mwanamume huyo ni Kratos, yule yule tuliyemwacha kwenye magofu ya Olympus.

Mashabiki wa zamani tuligawanyika tangu siku ulipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Los Angeles, Juni 2016, huku okestra ya Bear McCreary ikipiga muziki ukumbini. Wako waliosimama na kupiga makofi. Wako waliosema huyu si Kratos wetu, huyu ni mzee wa mtaa aliyenyang'anywa hasira zake. Mimi nilikuwa kundi la pili, na sehemu ya moyo wangu ingali huko. Katika sura hii nitaeleza kwa nini mchezo huo ndio ufufuo bora nilioucheza, na kwa nini, nikishika padi kwa ajili ya mapigano tu, bado nairudia God of War II ya 2007.

Kufufua mfululizo wa gemu ni biashara yenye mazoea yake. Mauzo yakilegea, kampuni huwaita watu wapya, humrudisha shujaa ujanani, na yote yaliyotokea nyuma yakahesabiwa kama hayakutokea. Lara Croft wa Tomb Raider alifanyiwa hivyo mwaka 2013: akawa msichana aliyezama na meli yake na kutupwa kisiwani, anajifunza kuwinda kwa upinde. Mwaka huo huo ulitoka mchezo wa Dante wa Devil May Cry, ambaye Capcom iliwapa studio ya Kiingereza, Ninja Theory, kazi ya kumtengeneza upya. Nywele zake nyeupe zikawa nyeusi, majigambo yake yakawa matusi, na mashabiki wakawaka. Mchezo wenyewe haukuwa mbaya, tena ulikuwa na mandhari ambazo sijaziona kwingine. Lakini ndani yake kulikuwa na kichekesho cha wigi jeupe linalomwangukia Dante kichwani, naye anajitazama kwenye kioo na kulidharau. Hapo shabiki wa tangu 2001 alijua kwamba anachekwa yeye. Mwaka 2019 Capcom ilitoa Devil May Cry 5 iliyoendeleza hadithi ya zamani, na Dante yule wa nywele nyeusi hajapata mchezo mwingine.

Santa Monica Studio, wenye God of War, wangeweza kupita njia hiyo hiyo. Walichagua njia ngumu zaidi: kila kitu kilichotokea kilitokea. Kratos alimuua baba yake Zeus. Aliivunja Olympus chumba kwa chumba. Kabla ya hayo yote aliwaua mke wake Lysandra na binti yake Calliope kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amedanganywa na Ares, na majivu yao yakamgandia mwilini. Weupe ule wa ngozi yake ndio huo. Mchezo mpya haufuti hata moja. Unampeleka tu kaskazini, kwenye nchi ya miungu ya Skandinavia, unampa mke mwingine na mtoto mwingine, kisha unamwacha aishi na kumbukumbu zake. Nasi pia tuishi nazo, maana vitufe tulibonyeza sisi.

Inafaa nieleze tulivyobonyeza. Kwa wengi wa rika langu huku kwetu, God of War haikuingia kupitia sebuleni. Iliingia kupitia kibanda cha gemu: chumba chenye televisheni mbili tatu, mabenchi, feni inayolalamika, na PS2 zinazosoma diski za kunakili. Biashara ya kibanda ni mpira. Mechi moja ya mpira ina dakika zake, wachezaji wawili, mshindi anabaki na aliyeshindwa analipa. Mtu anayetaka God of War hulipia muda, hukaa peke yake kwenye mashine, na anahitaji memori kadi ambayo hakuna atakayeifuta kesho. Wenye mabenchi hawampendi. "Dogo, maliza huyo dubwana wako utupishe, watu wana mechi." Hata hivyo, ilipofika zamu ya Hydra au ya Colossus wa Rhodes, wale wale wenye mechi walinyamaza na kutazama. Baadaye mfululizo ukaingia kwenye simu. Michezo miwili iliyotengenezwa na Ready at Dawn kwa ajili ya PSP, Chains of Olympus ya 2008 na Ghost of Sparta ya 2010, ilisambaa kwa watu ambao hawajawahi kuishika PSP yenyewe, kwa programu ya PPSSPP na mafaili yaliyohamishwa kutoka simu hadi simu. Nafahamiana na vijana wanaoweza kukutajia kila mlango wa Ghost of Sparta na hawajawahi kuugusa mchezo wowote wa PlayStation halisi.

Tulipenda nini? Kwanza, mkono. Mapanga mawili ya Kratos, Blades of Chaos, yameungwa kwa minyororo kwenye mikono yake, na pigo moja linafagia duara zima. David Jaffe, aliyeuongoza mchezo wa kwanza, na timu yake walielewa kwamba mchezaji asiye fundi naye anataka kujiona fundi. Ukibonyeza mraba mara kadhaa na kumaliza na pembetatu, maadui sita wanaruka hewani. Aliyezoea zaidi anajifunza kukinga kwa wakati, kuwadaka wakiwa juu, kuwatupa wao kwa wao. Devil May Cry ilikuwa shule ya mafundi. God of War ilimpokea kila mtu, na waliobaki hadi usiku wakagundua kwamba nayo ina kina chake.

Pili, kamera. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko mabadiliko makubwa yalikofanyika na ndiko malalamiko yangu yaliko. Katika michezo ya Kigiriki mchezaji haishiki kamera. Wabunifu ndio walioiweka, mahali kwa mahali, kama mpiga picha wa sinema. Ukiingia uwanjani inapanda juu ili uone kila adui. Ukitoka kwenye daraja inarudi nyuma mpaka Kratos anakuwa chungu mbele ya sanamu kubwa. Kwa kamera hiyo ndipo walipoweza kujenga hekalu la Pandora juu ya mgongo wa Cronos anayetambaa jangwani. Kwa kamera hiyo God of War III ya 2010, chini ya Stig Asmussen, ilifunguliwa na pambano dhidi ya Poseidon juu ya mwili wa Gaia, huku Gaia mwenyewe akiupanda mlima Olympus. Uwanja unainuka, unapinduka, unatetemeka, nawe unapigana juu yake bila kupotea kwa sababu anayekuonyesha anajua pa kutazama.

Na tatu, ukatili, ambao sioni haya kusema tuliufurahia. Nahodha wa meli amekwama kooni mwa Hydra; Kratos anavua ufunguo shingoni mwake na kumwachia aangukie tumboni. Wanakutana tena kuzimu, na Kratos anamkwea kama ngazi ili asianguke yeye. Kibanda kizima kilicheka. Kufikia mchezo wa tatu kicheko kilikuwa kimeanza kukauka. Kuna mwanamke aliyefungwa kwenye chumba cha Poseidon, anayeomba aachwe. Mchezaji anamburuta hadi kwenye gurudumu la lango, anamtumia kulizuia lisirudi, na mashine inamsaga. Hakuna njia nyingine ya kupita. Nakumbuka kuitazama sehemu hiyo na kutaka tu iishe. Ascension, iliyofuata mwaka 2013, ilikuwa na picha nzuri na mapigano safi, lakini hasira ya Kratos haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Miungu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo walirudi nyuma ya hadithi kutafuta watu wengine wa kuchinja. Mfululizo ulikuwa umechoka, na sisi tulikuwa tumechoka nao, ingawa wengi hatukulisema.

Aliyepewa kazi ya kuufufua ni Cory Barlog, mwongozaji wa God of War II ya 2007. Alikuwa ameondoka studio, akafanya kazi kwingine, akarudi, akapata mtoto wa kiume. Kwenye mahojiano amelieleza hilo wazi: ubaba wake uliingia kwenye mchezo. Ndiyo maana Atreus, mwana wa Kratos, si mtoto wa maonyesho. Anauliza maswali wakati usiofaa, anakosea shabaha, anataka kusifiwa, na baba yake anajua kuua na hajui kuweka mkono begani. Katika saa za mwanzo kuna mahali ambapo Kratos anataka kumgusa mgongoni, mkono unasita hewani, anaurudisha. Mchezo wa 2005 usingeweza kukuonyesha mkono huo. Kamera ilikuwa mbali mno.

Sasa kamera iko nyuma ya bega lake, na haikatwi. Kutoka gogo la kwanza hadi mwisho wa safari, picha ni moja mfululizo, bila kuruka kutoka pembe moja hadi nyingine. Kwa hadithi, ni uamuzi wa watu hodari. Kwa mapigano, ni ndoa yenye masharti. Ukiwa begani huoni aliye nyuma yako, hivyo wabunifu wameweka vishale vidogo vinavyomzunguka Kratos: vyeupe kwa adui aliye karibu, vyekundu kwa anayepiga, vya zambarau kwa kitu kinachorushwa. Juu ya hapo Atreus anapiga kelele, "Nyuma yako!", na baadaye Mimir, kichwa kilichokatwa kinachoning'inia kiunoni, anafanya hivyo hivyo. Zamani nilikuwa naona. Siku hizi naambiwa. Kuruka nako kumeondolewa. Kratos aliyekuwa akiruka mara mbili hewani sasa anavuka ukingo pale tu palipochorwa alama. Mapigo yamehama kutoka mraba na pembetatu kwenda vitufe vya juu vya padi, na wiki ya kwanza vidole vyangu vilikuwa vikimwamuru Atreus apige mshale kila nilipotaka kukata mtu.

Kisha kuna shoka. Leviathan ni jibu la studio kwa shabiki mkaidi, na ni jibu zuri. Unalirusha, linakita kwenye fuvu la adui na kumgandisha kwa barafu. Unabonyeza pembetatu, nalo linarudi likipinda hewani, likikata lolote lililo njiani, mpaka linatua kiganjani na padi inatetemeka mikononi mwako. Halichoshi. Nimewahi kusimama kwenye ufuko wa ziwa la Lake of Nine nikilirusha kwenye miti na kuliita, bila adui yeyote karibu. Ni silaha yenye uzito, na uzito ndio sifa ya mchezo wote huu mpya. Mapanga yalikuwa upepo. Shoka lina mfupa.

Wabunifu nao walijua tunachokitamani, na wakatunyima kwa nusu ya mchezo. Kratos amefunga mikono kwa vitambaa, kuficha makovu ya minyororo. Hasemi kwa nini. Kisha Atreus anaugua, dawa yake iko Helheim, nchi ya wafu yenye baridi ambako shoka la barafu halifui dafu. Baba anapanda mtumbwi peke yake, dhoruba imeanza, na kivuli cha Athena kinamtokea kumkumbusha alivyo. Anafika nyumbani, anafunua mbao za sakafu, anatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Mapanga. Anaizungusha minyororo juu ya makovu yale yale.

Shabiki mpya anaona silaha ya pili imefunguliwa. Shabiki wa zamani anaona kitu kingine kabisa, na sijui mchezo wowote uliowahi kuwapa wachezaji wake wa siku nyingi heshima kama hiyo. Nilikuwa nimeyasubiri mapanga hayo tangu dakika ya kwanza, na yalipotoka nilitaka ayarudishe. Pigo la kwanza nje ya mlango, moto ukifagia duara kama zamani, lilikuwa tamu na chungu kwa pamoja. Dante aliangushiwa wigi ili tucheke. Kratos alirudishiwa silaha yake ili tukumbuke ilivyotumika.

Niseme mabaya bila kuficha. Mazimwi. Kila baada ya muda unapambana na zimwi kubwa lenye nguzo ya jiwe, jina geni na rangi tofauti, na kila moja linakufa kwa namna ile ile, Kratos akiligeuzia nguzo yake mwenyewe. Mfululizo uliokuwa mfalme wa mabosi ulifanya hivi! Lipo joka moja la maana mlimani, na lipo pambano la mwanzo dhidi ya Mgeni, mtu mwembamba mwenye michoro mwilini asiyesikia maumivu, ambalo naliweka sawa na chochote cha zama za Ugiriki. Wanaolalamika wakumbuke pia kwamba mchezo wa 2005 ulikuwa na mabosi watatu tu: Hydra, mlinzi wa Pandora na Ares. Ukubwa tunaoukumbuka ulikuja na II na III. Suala la nambari halina utetezi wa namna hiyo. Sasa kila deraya ina daraja, kila adui ana kiwango, na ukikutana na aliyekuzidi viwango viwili utampiga hadi mkono uchoke, si kwa sababu hujui kupigana bali kwa sababu hujanunua kifua kipya kwa wahunzi Brok na Sindri. Waliowahi kumkabili Sigrun, malkia wa Valkyria, watasema hapo ufundi ulirudi. Ni kweli, ila mchezo haukulazimishi kukutana naye, na wengi wanamaliza hadithi bila kumwona.

Na sauti. Kuanzia 2005 hadi 2013 Kratos alikuwa Terrence C. Carson, mwenye ngurumo iliyotoka tumboni. Wa 2018 ni Christopher Judge. Studio ilieleza kwamba safari hii sauti na mwili vinarekodiwa pamoja, hivyo ilihitaji mwigizaji mwenye umbo la kusimama karibu na mtoto kama Kratos anavyosimama. Sababu inaeleweka. Bado naona Carson aliondoka bila kuagwa inavyostahili mtu aliyeubeba mfululizo. Judge, kwa upande wake, anaweza kusema "kijana" kwa namna kumi na kila moja ikawa na maana yake, na mwaka 2022 alipewa tuzo ya uigizaji kwenye The Game Awards kwa mchezo uliofuata. Wote wawili ni Wamarekani weusi, na Msparta aliyejaa majivu amekuwa na sauti ya mtu mweusi tangu siku ya kwanza. Kibandani hatukulijua hilo. Nilipolijua baadaye nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Mchezo huo uliofuata, Ragnarök ya Novemba 2022, sitauongelea sana. Uliongozwa na Eric Williams, uliongeza aina za maadui, ulimleta Thor kwa pambano linalostahili jina lake, na una maneno mengi kupita kiasi. Hujatazama fumbo sawasawa, mwenzako ameshakutajia jibu. Msitu wa Ironwood ungeweza kukatwa nusu na hakuna ambaye angelia.

Desemba 2023, hata hivyo, studio ilitoa bure nyongeza inayoitwa Valhalla, na hapo ndipo hesabu yangu na mfululizo huu ilipolingana. Kratos anaingia mahali panapomrudisha kwenye kumbukumbu zake. Maadui wa Kigiriki wanatokea, upanga wa Olympus unashikika tena, na kichwa cha Helios, tulichoking'oa kwa mikono katika mchezo wa tatu na kukitumia kama taa, kinazungumza na kumsuta. Mwisho anasimama mbele ya Kratos kijana aliyeketi kwenye kiti cha enzi, na anaongea naye. Hamuui, hamkani. Mchezo wa 2018 ulikuwa na aibu kidogo na ujana wake. Uliyaficha mapanga chini ya sakafu na kutaka nasi tuone haya. Valhalla inakubali kwamba yule mwehu wa Olympus naye ana haki ya kutajwa, na tena ina mapigano ya kasi kuliko sehemu yoyote ya zama hizi mpya. Ni saa chache tu, na ni bora kuliko Ragnarök yenyewe.

Hukumu yangu basi ni hii: kama hadithi, zama za Skandinavia zimeishinda Ugiriki kwa mbali; kama mchezo wa mapigano, God of War II haijashindwa bado. Wewe ambaye hujaanza, usianzie 2018, hata kama rafiki yako atakuambia hakuna shida. Tafuta ile ya 2005 na ile ya 2007, maliza ya tatu hata pale itakapokuchukiza, iruke Ascension, kisha ndiyo ushike shoka. Ukiyakuta mapanga kwenye sakafu ile bila kuwa umeyatumia, utakuwa umeokota silaha tu.